Chuo cha Juu ya Duka la Mazulia

Siku binti wa jirani yangu alipohitimu, wanawake wa kanisa lao walitandika vitenge njiani. Walivitandika kuanzia mlango wa gari hadi kizingiti cha nyumba, kimoja baada ya kingine, juu ya lami iliyokuwa bado na unyevu wa mvua. Yule msichana akapita juu yake na joho lake na kofia yake, viatu amevishika mkononi asichafue nguo za watu. Wanawake wengine walikuwa wamevaa sare ya kitambaa kimoja cha kijani, wakipiga vigelegele mpaka Wapakistani wa upande wa pili wakafungua madirisha kutazama. Mimi nilikuwa chumba cha juu, nyuma ya pazia. Nilisimama pale mpaka mtu wa mwisho alipoingia ndani, na kilichokuwa kifuani mwangu hakikuwa furaha.

Jirani huyu ni Mkongomani wa upande wa Bukavu. Yeye, mkewe na watoto walifika hapa kama wakimbizi, na kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali iliyo karibu na mtaa wetu wa Bordesley Green. Mimi ni Msomali niliyelelewa Isiolo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaishi Uholanzi miaka kadhaa na mke wangu, kisha tukahamia Birmingham, nikaosha mabehewa ya treni kule Tyseley mpaka nilipostaafu. Nyumbani tulisema Kisomali. Kiswahili nilikisomea shuleni na kukitumia sokoni, na katika barabara yetu sikuwa na wa kukisema naye mpaka huyu bwana alipohamia nyumba iliyoshikana na yetu.

Tulikuwa tukitaniana juu ya ukuta mfupi wa uani.

“Wewe Kiswahili umekivunja miguu,” nilikuwa nikimwambia.

“Na weye cha kwako kinavaa koti na tai, papa. Kinaenda wapi na tai? Kwa jikoni?”

Hata siku ile ya sherehe alikuja mlangoni kwangu na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili. “Kuku ya halali,” akasema. “Nimemununua kwa mutu ya kwenu, nikamupika kwa sufuria ya peke yake. Usiogope.” Nilimshukuru. Nilimla yule kuku peke yangu, mtamu, na kila tonge lilinikera, kwa sababu mtu huyu alikuwa na furaha ya kumtosha hata akabakiwa na nafasi ya kunikumbuka mimi.

Binti yangu wa mwisho, ndiye aliyebaki kuishi nami baada ya mama yake kufariki, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa mtu mzima, ameshakaribia thelathini. Alitaka kuwa afisa wa ustawi wa jamii, wale wanaokwenda nyumbani kwa watu kuangalia hali ya watoto na wazee. Alikwisha kuuliza chuo kikuu cha hapa mjini, wakamwambia aanze na mwaka mmoja wa maandalizi kwa kuwa aliacha shule mapema, kisha ndipo aingie shahada yenyewe. Alilipokea jambo hilo vizuri. Mimi ndiye sikulipokea. Nilihesabu kichwani: atakapomaliza, binti wa jirani atakuwa tayari muuguzi mkubwa mwenye gari, na mimi huenda nitakuwa kaburini, na hao wa vitenge watakuwa wameshatandika kwa ndugu zake wote.

Mzee mmoja tunayesali naye ndiye aliyenitajia chuo cha Stechford. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mazulia, si mbali na kituo cha treni. Masomo yalikuwa Jumamosi na Jumapili, na shahada ilitolewa baada ya miaka miwili, kwa jina la chuo kikuu cha nchi nyingine ambacho wao walikiita mshirika.

“Aabo, mimi naona niende tu na ile ya maandalizi,” binti yangu aliniambia. Huniita Aabo, yaani baba, na maneno mengine yote huyasema kwa Kiingereza, nimsemeshe Kisomali au Kiswahili. “Hii inakwenda haraka mno.”

“Haraka ina ubaya gani? Wewe si mtoto.”

“Ndiyo maana sitaki kukosea.”

Nilimwambia twende tukaone tu. Tulipanda ngazi zilizonuka zulia jipya. Juu kulikuwa na sebule safi, viti vya bluu, na mwanamume mwenye suti aliyesimama kunipa mkono kabla hajampa binti yangu. Hilo lilinipendeza. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nyumbani, maana katika redio za kwetu nilikuwa nimewasikia watu wakilia kuhusu vyuo bandia, na sikutaka kuonekana mshamba.

“Chuo chenu kina ithibati?”

“Ya kimataifa, bwana,” akasema, akanionyesha ukutani.

Palikuwa na cheti kikubwa katika fremu ya dhahabu. Kilikuwa na picha ya dunia, nyota, utepe mwekundu na muhuri uliobonyezwa kiasi cha kuhisiwa kwa kidole. Kilisema kwamba shirika fulani la kimataifa la kutoa ithibati kwa vyuo limekikagua chuo hiki pamoja na mshirika wake, na limeridhika navyo. Nilikisoma chote, mpaka sahihi zote za chini. Watu wa rika langu tuliosoma Kenya tulizoea kwamba karatasi yenye muhuri namna ile imetoka serikalini, kwa sababu enzi zetu hapakuwa na mwingine wa kuitoa. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kufungua shirika la kukagua vyuo kama anavyofungua duka la viatu.

Nilikipiga picha kwa simu. Sikuipiga kwa ajili ya binti yangu, ambaye alikuwa amesimama pale pale na kukiona kwa macho yake. Niliipiga kwa ajili ya jirani.

Jioni ile nilimkuta anaanika nguo za kazi. Nikampa simu juu ya ukuta, nikamwacha aikuze picha kwa vidole.

“Na wangu anaanza,” nikasema. “Miaka miwili tu.”

“Félicitations, papa. Ni vizuri sana.” Akaendelea kutazama. “Na bale banaitoa iyi karatasi, bao État inabajua?”

“Nani?”

“Bale ba ithibati. Chuo, sawa, bao banasema chuo ni kizuri. Lakini bao benyewe, ni serikali gani iliwaambia, ‘enyi, muko na ruhusa ya kusema’?”

Niliona uso unanichemka. “Hapa ni Uingereza, jirani. Si Bukavu.”

Alicheka, hakukasirika. Akanieleza kwamba kwao vyuo vilikuwa vikiota kila mtaa, kila kimoja na karatasi yake ukutani, hata watu wakazoea kuuliza mara mbili: nani amekikubali chuo, na huyo aliyekikubali, nani amemkubali yeye. Binamu yake alisoma sheria mpaka mwisho katika chuo kimoja cha namna hiyo. Baadaye wakagundua kwamba ofisi iliyokipa chuo ithibati ilikuwa ya shemeji wa mwenye chuo, ikifunguliwa siku za kupiga mihuri tu. “Anauza mafuta ya taa sasa, ule avocat,” akasema. “Lakini anajua kubishana bei, kweli.” Kisha akasema, “Mutoto yangu anaweza kuangalia kwa serikali ya hapa. Ni kazi ya kidogo tu. Nimuite?”

Binti yake alikuwa jikoni. Nilimsikia akiimba.

“Usimsumbue,” nikasema. “Wivu utakuumiza, jirani.”

Nilisema kama mzaha, naye akaupokea kama mzaha. Lakini mimi nilikuwa naamini. Niliingia ndani nikiwa na hakika kwamba ameona wangu anakaribia kumfikia wake na hakupenda. Nilikuwa na wivu kiasi kwamba niliusikia hata katika sauti ya mtu ambaye hakuwa nao. Wakati wa chakula binti yangu aliniuliza jirani alisema nini kuhusu picha. Nikamwambia, “Amesema hongera.”

Ilikuwa kweli, kwa sehemu ile niliyoitoa.

Basi akasoma. Siku za kazi aliwaogesha wazee wa watu na kuwalisha, na mwisho wa wiki alipanda basi kwenda Stechford na mkoba wa vitabu. Alikonda. Aliacha kwenda kwenye harusi za rafiki zake. Mara moja nilimkuta amelala mezani, shavu juu ya kompyuta, nikamfunika shali nikaona fahari, kana kwamba uchovu wake ulikuwa ni mali yangu. Aliwahi kuniambia kwamba walimu hubadilika sana na kwamba insha zake hurudi na alama nzuri bila neno lolote pembeni. Nilimwambia ashukuru.

Na mimi kila nilipomwona jirani nilimpa habari. Binti yangu amemaliza muhula. Binti yangu amepata alama ya juu. Yeye alikuwa akisema vizuri, vizuri, papa, Mungu ni mwema. Lile swali lake hakulirudia. Nilidhani nimemshinda. Siku hizi nafikiri aliamini kwamba mtu mzima akishaambiwa jambo kama lile hulifuatilia mwenyewe, na kwamba kuniuliza tena kungekuwa kunivunjia heshima.

Mahafali yalifanyika katika ukumbi wa hoteli upande wa uwanja wa ndege. Majoho yalikuwa ya kukodi, ya zambarau. Yule mwenye suti alihutubia, na mtu aliyesemekana ametoka kwa lile shirika la ithibati akasimama akapunga mkono. Mimi nilikuwa nimeshafanya mpango wangu. Wiki moja kabla nilikwenda kwa mke wa jirani, nikamwomba kama wangeweza kumpokea binti yangu kwa vitenge. Sisi hatuna desturi ile. Nilikuwa nimeitamani tu.

“Iyo ni ya kuniomba, papa?” akasema yule mama. “Ule ni mutoto yetu.”

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Walitandika kutoka kwenye gari hadi mlangoni kwetu, na mke wa jirani akaongoza vigelegele. Binti yangu aliona haya, akafunika uso kwa mikono yote miwili, kisha akavua viatu akapita. Nilimtafuta jirani kwa macho nione uso wake. Alikuwa anapiga makofi. Nilichunguza makofi yale, kama ni ya moyoni. Siku kubwa kama ile ya mtoto wangu, nami nilikuwa nakagua mikono ya mtu mwingine.

Baada ya hapo binti yangu aliomba kuingia masomo ya juu ya ustawi wa jamii katika kile chuo kikuu cha mjini, kile kile alichotaka kuanzia. Majibu aliyapata kwa simu, siku ya mapumziko, akiwa jikoni. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa wazee wake kazini. Alipokata simu akakaa.

“Hawaitambui shahada yangu,” akasema.

“Vipi? Chuo kina ithibati. Mimi nilisoma mwenyewe.”

“Kina ithibati, Aabo. Waliotoa ithibati ndio hawana. Serikali ya hapa haiwatambui, na ya nchi iliyo kwenye anwani yao haiwatambui pia. Yule dada wa chuoni ananiambia wako wengi wa namna hiyo. Wanapeana vyeti wenyewe kwa wenyewe, mmoja anamkagua mwenzake.” Alikuwa anazungusha simu mezani taratibu. “Na hicho chuo kikuu mshirika, hakiruhusiwi na yeyote kutoa shahada. Ameniambia nianze na mwaka wa maandalizi.”

Akavaa koti akasema anakwenda kwa binti wa jirani, labda yeye anajua pa kukata rufaa.

Nilijua atakayoyakuta kule. Ningeweza kumwambia akiwa bado anafunga zipu. Nilimwacha aende, na katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hapo wivu ulikuwa umeshamaliza kazi yake na kilichobaki kilikuwa woga mtupu.

Hakukaa sana. Aliporudi hakukaa kitini.

“Anasema alikwambia.”

“Nani?”

“Aabo, unajua ni nani.”

“Ndiyo,” nikasema. “Aliniambia.”

“Alikuuliza kama wanatambuliwa. Akataka binti yake aangalie. Kabla sijaanza.”

“Ndiyo.”

“Na mimi nikakuuliza alisema nini.” Alikuwa hapigi kelele. “Kwa nini hukuniambia?”

Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema. Nilisema, “Nilidhani anatuonea wivu.”

Alinitazama. Sidhani alikuwa na hasira wakati ule. Alikuwa anatafuta kuelewa.

“Yeye?” akasema. “Atuonee wivu kwa lipi?”

Akapanda juu. Nimejaribu mara nyingi kumjibu swali lile kichwani, nikaona halina jibu. Tulikuwa na nyumba sawa, paa moja, ukuta mmoja. Nilikuwa mwaminifu katika kazi yangu na sikumdhulumu mtu. Lakini hapakuwa na kitu chochote cha kwangu ambacho mtu yule angekaa akakitamani.

Chuo cha Stechford baadaye kiliondoka. Nilikwenda siku moja kwa miguu yangu kutafuta ugomvi, nikakuta ngazi zimefungwa na mwenye duka la mazulia amepanga mikeka mbele ya mlango wao. Aliniuliza kama natafuta zulia la sebuleni.

Binti yangu aliendelea kukaa nami, akaendelea kunipikia na kuniwekea dawa zangu kwenye kisahani. Kilichobadilika ni kwamba mambo yake akawa anayapeleka ng’ambo ya ukuta. Jioni nilikuwa nikiwasikia jikoni kwa jirani, yeye na yule muuguzi, wakicheka na kubishana juu ya maombi ya chuo, na sauti ya jirani ikiingia mara moja moja kuuliza, “Iyo muliangalia? Muliangalia mara mbili?” Nilikuwa nimewahi kuona wivu kwa sababu ya joho na vigelegele. Huu mpya ulikuwa mwingine kabisa. Mtu alikuwa anaulizwa ushauri na mtoto wangu, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta na chai iliyopoa, na sikuwa na haki hata ya kununa.

Sikuacha kusalimiana naye. Yeye ndiye aliyeanza, siku ya pili tu baada ya binti yangu kugundua, kana kwamba hakuna lililotokea. “Papa, nilijua ulimuambia,” akasema. “Ningejua hapana, ningemuambia miye.” Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akasema, “Njo vile. Batoto banatusamehe polepole.” Hata huruma yake ilinichoma.

Majira ya joto yaliyofuata, asubuhi moja tukiwa tunatoa mapipa ya taka, akasimama na kunipa mkono.

“Félicitations, papa.”

“Ya nini?”

Nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa ametambua kwamba nyumba yangu haijapata habari ambayo nyumba yake inayo. Akaanza kuvuta pipa lake upande usio wake.

Neno lilikuwa tayari mdomoni: ah, hiyo, najua. Nilisema, “Hajaniambia bado.”

“Basi miye sikusema kitu.”

“Umesema. Amepata?”

Akatikisa kichwa kukubali, akiangalia chini. “Maandalizi. Chuo cha kweli. Tuliangalia.”

Binti yangu alirudi kutoka kazini mchana ule, akala, akalala bila kuniambia. Aliniambia kesho yake, akiwa amenipa mgongo anaosha vyombo, kwa namna mtu anavyotaja kwamba mvua itanyesha. Nikamwambia hongera. Akazima bomba.

“Jirani alikwisha kukwambia, sivyo?”

Alikuwa bado hajageuka. Nilijua anachosubiri kusikia kwangu.

“Jana asubuhi,” nikasema. “Kwenye mapipa.”

“Alisema nini?”

Nikamweleza. Nilimweleza alivyonipa mkono, nilivyomuuliza ya nini, alivyoshtuka akataka kukana, na maneno yake yote jinsi alivyoyasema, kwa Kiswahili chake. Nilimwambia pia kwamba nilitamani kudai najua, na kwamba iliniuma kuipata habari kwake. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na sahani mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Kisha akanipa kitambaa nikaushe vyombo, akafungua bomba tena.